Soketi ya Pembe Sita

Kila aliyewahi kupeleka gari kwake alimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mtu alikuwa akilala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na maneno yanamwagika kutoka huko chini: anamsimanga mwenye gari kwa kuchelewesha oili, anamkaripia mwanafunzi aliyempa spana isiyo yake, anasimulia vituko vya harusi ya juzi, na bolti anaikaza, vyote kwa pumzi moja. Mkewe alizoea kusema kwamba siku mume wake akinyamaza atajua amekufa. Ulikuwa utani wa nyumbani tu. Miezi minane sasa hajaurudia.

Kiharusi kilimkuta karakana asubuhi, mkono umo ndani ya injini. Hakikumuua. Kilimwachia mguu wa kulia wa kuburuta, mkono wa kulia wa kubeba kama mzigo wa mtu mwingine, na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "hapana". Ukimuuliza kama ana njaa, hapana. Ukimletea chai anayoitamani tangu alfajiri, hapana, na huku mkono wa kushoto umeshanyooka kupokea kikombe. Kichwa nacho hakikuwa cha kutegemea, maana akitaka kukubali kilitikisika kama cha mtu anayekataa. Wiki za kwanza walikuwa wakimwondolea sahani mbele yake, kwa heshima zote, mpaka mkewe aliposhtuka kwamba mume wake amebaki mifupa. Ndipo nyumba nzima ikakubaliana kwamba "hapana" ya Redio haina maana yoyote, ichukuliwe kama kikohozi.

Walikuwa na haki. Lakini hebu fikiria: umebakiwa na neno moja tu duniani, na hilo moja watu wamekubaliana kutolisikia.

Kwa sababu kichwani mambo yalikuwa mengine kabisa. Kichwani redio iliendelea kucheza stesheni zote. Alimwona jirani akiwasha gari, akajua plagi ya tatu imekufa. Aliona mkewe akihangaika na bawaba ya mlango, akajua ni skrubu ipi imelegea. Alikuwa na matusi ya zamani na mapya, alikuwa na mizaha, alikuwa na maneno ya kumwambia mkewe ambayo kwa miaka thelathini hakupata nafasi ya kuyasema kwa sababu alikuwa anasema mengine. Yote yalifika kwenye ulimi yakageuka hapana.

Kitu cha pili alichoweza, kama huko ni kuweza, ni kuhesabu. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyegundua. Ukimwanzishia, "moja, mbili," naye anaendelea tatu, nne, tano, safi kabisa, kwa sababu namba zimemlalia mdomoni tangu utotoni na hutoka zenyewe bila kuombwa. Kuanza mwenyewe hajawahi. Na akishaanzishwa hana breki: anateremka tu mpaka pumzi imwishie.

Muuguzi huyohuyo ndiye aliyemwandikia nafasi hospitali kuu. Kuna mtaalamu wa kurudisha maongezi ambaye hufika pale mara moja kila miezi mitatu, akakaa siku mbili, Jumatatu na Jumanne, halafu akaenda zake. Jina la Redio liliandikwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Muuguzi alisema amewaona kwa macho yake watu walioingia kwa huyo mtaalamu wakiwa mabubu na wakatoka na maneno kumi, ishirini. Pia alisema jambo ambalo Redio alilishika kuliko yote: kwamba mwaka wa kwanza ndio wa kuwahi, baadaye ulimi huwa mgumu kufunzwa. Miezi minane ilikuwa imeshakwenda. Redio hakutaka mguu, hakutaka mkono. Alitaka maneno yake, na alijua siku na mahali yalikokuwa yanamngoja.

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa tatu, na nusu ya safari ni mteremko wa kona juu ya kona. Basi hawakulitaka tena. Mara ya mwisho lilipokata kona alianguka kutoka kwenye kiti, akapasuka nyusi. Walikuwa na gari lao, kuukuu lakini lenye adabu, na binti yao alijua kuendesha. Tatizo ni kwamba breki za mbele zilianza kulia. Redio alizisikia siku ya Ijumaa binti alipoingiza gari uani, akajua papo hapo: pedi zimekwisha, chuma kinakula chuma. Kwa mteremko ule, ni kujitakia mauti.

Binti naye alizisikia. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mwenye sauti ya furaha ya kudumu na mfuko wa mkoba uliojaa chaki. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na utoto wake wote ulipita karakana, akikaa juu ya tairi kuukuu na madaftari yake. Jumamosi asubuhi alikwenda dukani, akarudi na pedi mpya kwenye kiboksi.

"Baba," alisema, akichuchumaa mbele ya kiti chake, "nazibadilisha mwenyewe. Nimekuona ukifanya mara mia. Nawe utakaa hapahapa unisimamie. Sawa?"

"Hapana," alisema Redio, na moyo wake ukajaa furaha mpaka macho yakamlowa. Miezi minane hakuna aliyemtaka asimamie chochote.

Mkewe alikitoa kiti cha mikono barazani, akamweka mumewe, akamfunika miguu kwa kanga, akaingia ndani kuendelea na shughuli zake. Binti akatoa sanduku la vifaa, akaliweka chini hatua tatu kutoka kwenye kiti. Akaweka jiwe nyuma ya tairi bila kukumbushwa. Redio akamsifu kimoyomoyo. Binti akapandisha jeki, akafungua gurudumu la kushoto, akalilaza chini ya gari kwa usalama, jambo ambalo wanafunzi wake wawili kati ya watatu walikuwa wakilisahau. Huyu angekuwa fundi, aliwaza Redio. Tulimpoteza kwenye chaki.

Kubadilisha pedi si kazi kubwa. Nyuma ya kalipa, ile kofia ya chuma inayobana diski, kuna bolti mbili za namba kumi na nne. Unazifungua, unainua kalipa, unatoa za zamani, unaweka mpya. Bolti ya juu ilikubali. Ya chini ilikuwa imekamata kwa kutu, nyekundu kama udongo wa shimoni.

Binti akalirudia sanduku. Na hapo ndipo Redio alipoanza kutokwa na jasho.

Juu kabisa ya sanduku, kwenye kasha lake la plastiki, kulikuwa na soketi, vile vikombe vya chuma vya kufungulia bolti, zinazong'aa kama vijiko vya wageni. Binti ndiye aliyemnunulia, kwa mshahara wake wa kwanza. Siku ile alizileta zimefungwa kwa karatasi ya maua, na Redio akalia machozi, na akasema mbele ya watu, "Hizi ndizo soketi sasa. Zile zangu nikazitupe." Hakuzitupa. Zile soketi za zawadi zilikuwa za pembe kumi na mbili kwa ndani. Nzuri sana kwa bolti inayokwenda vizuri, maana zinaingia upesi, hata mahali finyu. Lakini hushika bolti kwenye ncha za kona tu. Ukizivalisha bolti iliyokamata na ukavuta kwa nguvu, zinateleza, na zikiteleza zinazila zile kona, na bolti ikishaliwa kichwa inakuwa duara, na duara halina pa kushikwa. Bolti iliyokamata inataka soketi ya pembe sita, inayoikumbatia ubavu kwa ubavu. Redio alikuwa nazo, nyeusi, nene, mbaya kwa sura, zimefungwa kwenye kipande cha ovaroli kuukuu chini kabisa ya sanduku. Kwa miaka tisa alikuwa akizitumia hizo, na kila binti alipofika kumtembelea alizificha na kulitoa kasha la zawadi. Uongo wa mapenzi. Nani angemlaumu?

Binti alichukua namba kumi na nne inayong'aa. Akaitazama kwa ndani, akatabasamu.

"Unaona, baba? Ina pembe nyingi. Inauma kila upande."

"Hapana," alisema Redio.

"Ndiyo, ile zawadi yangu. Unaikumbuka?"

"Hapana! Hapana!"

"Nami nakupenda, baba."

Akaichomeka kwenye mpini, akaivalisha bolti ya chini.

Redio alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea sanduku. Binti alifuata kidole chake kwa macho. "Ndiyo, nimeitoa humohumo," alisema. Redio akaendelea kunyoosha, chini, chini zaidi, chini ya hayo yote, ee Mungu, kuna kitambaa humo. Binti akadhani anataka kitu cha kushika. Akampa bisibisi. Redio akaitupa. Binti akaiokota, akaifuta, akasema taratibu kama anavyomwambia mtoto anayenyang'anya wenzake, "Tusitupe vitu, baba."

Kama angekuwa na hasira tu, ingekuwa nafuu. Alikuwa na woga. Aliiona Jumatatu ikining'inia kwenye ile bolti. Akafumba macho, akatafuta njia.

Sita. Angeweza kusema sita. Sita iko mdomoni, ila haitoki peke yake. Iko kwenye foleni, nyuma ya tano. Lazima aanze na moja, na kuanza hajawahi. Lazima afike sita, na kusimama hajawahi. Akaliweka wazo lile mbele yake kama mtu anayekagua mto kabla ya kuvuka. Binti alikuwa amepata bomba la chuma, analichomeka kwenye mpini wa soketi ili lirefuke liongeze nguvu.

Redio akajikaza. Shingo ilimvimba, jasho likamtiririka hadi kidevuni.

"Mo," alisema. "Mo. Moja."

Binti aliliachia bomba.

"Mbili. Tatu." Taratibu, taratibu, kanyaga breki. "Nne. Tano." Sasa. "Sita."

Akauma ulimi. Kwa kweli aliuuma, mpaka akaonja damu. Na namba zikasimama. Ilikuwa kazi kubwa kuliko injini zote alizowahi kuziinua, na alikuwa ameifanya. Akamtazama binti yake, macho yamemtoka pima, akiyasukuma yaliyobaki kwa macho: sita, mwanangu. Pembe sita.

Binti akaweka mikono yote miwili mdomoni.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, njoo! Baba amehesabu! Ameanza mwenyewe!"

Mkewe alitoka mbio na mwiko mkononi. Binti alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti, anapiga makofi ya darasani, yale ya pa-pa-pa, pa-pa-pa. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Redio hakuwa ameiona tangu augue, na alitamani kwa moyo wote kwamba ingekuwa furaha ya kumwelewa.

"Endelea, baba! Umefika sita! Baada ya sita?"

Hapana, aliwaza Redio. Usinianzishie.

"Sa...?" alisema binti, nyusi juu, mdomo umeandaliwa. "Sa...?"

"Saba," ulisema mdomo wa Redio.

Na breki zikaachia. Nane, tisa, kumi, akiteremka, mkewe anacheka na kulia, binti anahesabu naye kwa vidole. "Kumi na moja," alisema Redio. "Kumi na mbili." Hapo pumzi ikamwishia. Kati ya namba zote, alikwenda kusimama kwenye jina la soketi mbaya.

"Kumi na mbili!" alisema binti. "Hajawahi kufika kumi na mbili!"

Akambusu kipaji cha uso, akarudi kwenye gari akiimba, akashika bomba.

Redio akaona liwalo na liwe. Akaweka mkono wa kushoto kwenye kiti, akajisukuma, akasimama. Sanduku lilikuwa hatua tatu tu. Hatua ya kwanza aliipiga kwa mguu mzima. Ya pili ilikuwa ya mguu mwingine, na mguu ule haukuja. Alianguka ubavu mzima mzima, kichwa nusu kipige sanduku lenyewe, na mkono wake ukaishia sentimita chache kutoka kwenye pindo la kile kitambaa cha ovaroli. Waliliona pindo lile? Hawakuliona. Walimwona mgonjwa aliyeanguka.

"Tumemchosha," alisema mkewe. "Furaha nayo inachosha. Mwingize ndani."

Walimbeba wakamlaza kitandani, wakamfuta mchanga mashavuni. Alisema hapana mara nyingi sana. Binti akalishusha pazia kidogo ili jua lisimsumbue, akatoka kwa ncha za vidole. Redio akabaki ametazama dari, anasikiliza. Alisikia bomba likigusa chuma. Alimsikia binti yake akivuta pumzi. Halafu akasikia sauti ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayeipenda, kraa, soketi ikiruka kwenye kona za bolti. Halafu tena, kraa. Mara ya tatu haikulia kwa ukali; ilikuwa laini. Bolti imeshakuwa duara.

Jumapili Bampa alifika mchana. Huyu alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Redio, sasa ana karakana yake, na jina hilo alipewa na Redio mwenyewe kwa ajili ya paji lake la uso lililotangulia mbele ya mwili. Binti alimpigia simu baada ya kupoteza asubuhi nzima kwa nyundo, koleo na machozi. Alikuja kwa pikipiki, akaiegesha, akaenda moja kwa moja barazani kwa mwalimu wake.

"SHIKAMOO, MZEE!" alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. "UNAENDELEAJE?"

Masikio yangu hayajapooza, mpumbavu wewe, aliwaza Redio kwa upendo mkubwa. Akasema, "Hapana."

"HAYA! VIZURI!"

Binti alikuwa amekwenda kuchota maji. Mkewe Redio alisimama karibu na gari, mikono imefungwa kifuani. Bampa aliinama, akaitazama bolti, akapiga mluzi mrefu.

"Nani amefanya huu unyama? Mzee angekuwepo, jambo hili lisingetokea."

"Yupo," alisema mkewe.

Bampa akaona haya, akajishughulisha na sanduku. Aliingiza mkono mpaka chini bila kutafuta, kama mtu anayejua mahali pa funguo za kwao, akakitoa kile kitambaa, akakifungua.

"Hizi hapa. Bado anazo, Mungu ambariki. Unaona, mama, ile inayong'aa ina pembe kumi na mbili. Hiyo ni ya bolti zenye adabu. Bolti iliyokamata inataka sita. Alitufokea hilo kila siku mpaka tukaliota. Mtu akinyoosha mkono kwenye ile nyingine, unasikia kutoka chini ya gari, 'Sita! Sita! Nimesema sita, kiziwi wewe!'"

Mkewe aligeuka taratibu akamtazama mumewe kwenye kiti. Redio alimtazama yeye. Macho ya mwanamke yule yalikwenda kwenye soketi nyeusi, yakarudi kwake, na mkono wake ukapanda ukashika shavu. Amejua, aliwaza Redio. Kifua kilimfunguka. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane mtu mmoja alikuwa amesikia alichosema, ingawa ilikuwa siku moja baadaye.

Bampa alichukua pembe sita ya namba kumi na tatu, ndogo kidogo ili ibane, akaigonga kwa nyundo juu ya mabaki ya ile bolti, akavuta. Bolti ilizunguka robo, ikalia, ikakatika. Kipande kikabaki ndani. Alisema kukitoa anaweza jioni ileile kwa kukitoboa, ila bolti mpya itabidi aifuate dukani, na duka la vipuri hufunguliwa Jumatatu saa tatu. Saa tatu Redio alitakiwa awe ameshakaa mbele ya mtaalamu kwa saa nzima.

Baadaye mkewe alileta chakula, akakaa karibu, akaanza kumlisha kijiko kwa kijiko. Binti alikuwa uani anakusanya vifaa, mabega yameshuka.

"Ulikuwa unamwambia," alinong'ona mkewe.

"Hapana," alisema Redio.

"Ndiyo, najua." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa nyuma ya mkono ulioshika kijiko. "Nasi tukakupigia makofi. Jamani, mume wangu." Akatazama uani. "Tusimwambie kwanza. Atajichukia bure, na kesho ana kazi ya kuongea na hospitali. Jumanne bado ipo. Tutamwambia tukirudi."

Redio alikubali. Ilikuwa huruma, na yeye mwenyewe alikuwa amefanya huruma ya namna hiyohiyo miaka tisa mfululizo. Wote wawili walikosea.

Jumatatu binti alianza kupiga simu hospitali saa mbili kamili. Ilikuwa bize. Akapiga tena na tena, huku akizunguka sebuleni. Saa nne kasoro, Bampa ameshafika na bolti na yuko chini ya gari, ndipo ikapokelewa. Binti akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili baba asikie. Mkewe alikuwa jikoni anafunga chakula cha safari, akiamini ni safari ya kesho.

Mwanamke wa mapokezi alikuwa mpole na mwenye haraka. Alisikiliza habari za gari, akasema pole. Nafasi ya leo imeshapita. Jumanne imebaki moja, saa tano, na kuna wagonjwa wawili wanaoiomba.

"Wa pili ni kijana, ametoka ajalini," alisema. "Hatoi hata sauti. Wako anaendeleaje? Mtaalamu ameniambia niulize kwanza."

Sasa, binti huyu alikuwa mwalimu. Maisha yake yote ya kazi alijua kwamba anayeonyesha bidii ndiye anayepewa nafasi mbele, anayejitahidi ndiye anayevushwa darasa. Akakaa wima.

"Anaendelea vizuri sana," alisema. "Juzi ameanza kuhesabu mwenyewe. Hakuanzishwa na mtu. Amefika kumi na mbili."

"Mwenyewe kabisa?"

"Mwenyewe kabisa!"

"Mungu mkubwa," alisema mwanamke, na furaha yake ilisikika kuwa ya kweli. "Basi huyo ameshashika njia. Anaweza kusubiri miezi mitatu bila wasiwasi. Acha Jumanne tumpe kijana. Nakuandikia mzunguko ujao, sawa?"

"Sawa," alisema binti, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limeshatoka. Simu ikakatika.

Mkewe alikuwa mlangoni, chombo cha chakula mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini alisikia ya kutosha.

"Piga tena," alisema.

"Mama, wamesema..."

"Piga tena, uwaambie umekosea. Hakuwa anahesabu. Alikuwa anakwambia soketi. Pembe sita. Bolti ilitaka ya pembe sita, na yeye akaanza na moja kwa sababu hana njia nyingine ya kufika sita, nawe ukamwambia aendelee."

Binti alimtazama baba yake. Redio aliona kila kitu kikifika mahali pake: bisibisi, kidole, kuanguka, makofi. Alitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Alitaka kumwambia kwamba zawadi ilikuwa nzuri. Binti alishika simu kwa mikono miwili, akapiga, na safari hii ikapokelewa upesi.

"Nimekosea, dada, nisamehe," alisema, akilia. "Hakuwa anahesabu. Alikuwa ananichagulia soketi. Tunatengeneza gari, naye ni fundi, akawa ananiambia nitumie ya pembe sita, na sikumwelewa. Hana maneno kabisa. Hana hata moja. Tafadhali."

"Alikuchagulia soketi?"

"Ndiyo."

"Na ilikuwa ndiyo yenyewe? Iliyotakiwa?"

"Ndiyo," alisema binti.

"Dada yangu," alisema yule mwanamke taratibu, "basi huyo ni mzima zaidi hata ya ulivyoniambia. Akili yake yote iko hapo, na ameanza kuitoa. Huyu kijana mama yake hajui kama anamtambua. Unanielewa?"

Binti alielewa. Redio naye alielewa, na hilo lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu angekuwa yeye pale mapokezi angesema hivyohivyo. Lakini miezi mitatu juu ya minane ni kumi na mmoja, na ulimi ulikuwa unakauka hapohapo mdomoni mwake. Aliinama kuelekea simu. Alikusanya kila alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa kile kimoja.

"Hapana!" alisema Redio. Ilitoka kubwa, kavu, kila herufi mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu augue, lilikuwa ndilo neno alilolitaka.

"Huyo ni yeye?" aliuliza mwanamke wa mapokezi.

"Ni yeye," alisema mkewe.

"Jamani, mbona anatamka vizuri hivyo! Mpeni hongera zangu. Mwambieni tutaonana miezi mitatu ijayo."

Binti alisema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mkewe aliweka chombo cha chakula mezani, akaketi chini sakafuni karibu na mguu wa mume wake. Huko uani Bampa alikuwa ameshafunga gurudumu na kushusha jeki, akapiga honi mara mbili kuwajulisha kwamba gari liko tayari.